KONA YA WAZAZI: Mtoto wa tano yuko wapi?

Poleni na kazi, poleni na foleni za posho, poleni na mvua iliyoharibu nyumba za wengine wetu. Mwezi uliopita tulizungumza juu ya mtoto anayeachishwa ziwa, na barua zenu tumezipata, asanteni. Mwezi huu tuna barua moja ambayo nimeisoma mara tatu. Imeandikwa na mama mmoja wa hapa kambini. Jina lake tunaliacha, kama alivyoomba. Anasema hivi:

"Mwalimu, nina mtoto wa miaka sita. Hasemi, na kutembea anashika ukuta. Majirani wanakataza watoto wao kucheza na yeye. Siku ya posho ninamfungia ndani mpaka nirudi, na roho inaniuma. Baba yake anasema tungoje, Mungu atajua. Nifanye nini?"

Mama, asante kwa kuandika. Kabla ya kukujibu inafaa nikuambie jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui. Mimi nilifanya kama wewe, tena zaidi yako.

Nilisema nina watoto wanne

Tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1998, tukitoka Baraka, tukafika Kigoma na baadaye hapa kambini. Watoto wetu wote walizaliwa huku. Huyu wa tano alizaliwa 2012. Mama yake alishikwa na uchungu usiku, tukachelewa nyumbani tukidhani bado, na mtoto alipotoka hakulia. Walimhangaikia muda mrefu mpaka akapumua. Tukashukuru, tukarudi nyumbani.

Miezi ikapita. Wenzake wanashika shingo, yeye bado. Wenzake wanakaa, yeye analegea kama kitambaa, halafu mara anakauka miguu na mikono. Maneno yakaanza. Mmoja alisema ni laana ya ukoo. Mwingine alisema mama yake alivunja mwiko akiwa na mimba. Mwingine akasema mimi nimefanya biashara ya giza. Jamani, mkimbizi wa kuuza chumvi ya kupima kwa kijiko, biashara ya giza gani hiyo? Lakini maneno yakisemwa kila siku yanaingia. Nilimpelekea mganga unga wa posho wa mwezi mzima na kitenge kipya cha mke wangu. Mtoto akabaki vile vile, na sisi tukalala njaa.

Baadaye nikaona aibu. Nikawa simtoi nje. Mama yake alikuwa anamtoa usiku tu, watu wakilala, apate hewa. Binti yetu mkubwa aliacha shule ili amlinde tukienda kwenye posho na kuni. Na watu wakiniuliza, "Mwalimu, Mungu amekubariki watoto wangapi?" nilikuwa najibu, "Wanne." Mimi ninayefundisha hesabu nilikuwa ninajua kabisa kuwa nasema uongo.

Siku moja ikaja zamu yetu ya kuhakikiwa. Kila mtu aliye kwenye karatasi ya familia ni lazima aonekane kwa macho. Karani akasoma majina, watoto watano. Akahesabu waliosimama, wanne. Akaniuliza bila ukali, "Mtoto wa tano yuko wapi?" Nikasema anaumwa. Akasema, "Basi mlete hata kama anaumwa, la sivyo hatuwezi kumhesabu."

Nilirudi nyumbani nikamfunga mgongoni kwa kitenge, mimi mwanaume, nikapita naye mbele ya foleni nzima. Nilikuwa natazama chini. Nikasikia mama mzee mmoja akisema, "Eh, Mwalimu! Kumbe uko na mutoto mwingine? Leta nimushike, wewe ukaandike." Akampokea, akamkalisha mapajani, akaanza kumwimbia. Mtoto akacheka, akacheka kwa sauti mpaka foleni ikageuka.

Alikuwa na miaka minne. Tangu azaliwe, ukiondoa wauguzi, hakuna mtu wa nje ya nyumba yetu aliyekuwa amemshika. Si kwamba majirani walikataa. Mimi sikuwapa nafasi ya kukubali wala ya kukataa.

Mama, hilo ndilo jibu langu la kwanza kwako. Majirani wengine ni wagumu, ni kweli. Lakini mlango wa kwanza uliofungwa ni wa kwetu, na huo tunaweza kuufungua wenyewe.

Hali hii ni nini, na inatoka wapi?

Baada ya siku ile tulimpeleka hospitalini tukaambiwa jina lake: mtindio wa ubongo. Maana yake, ubongo uliumia wakati bado unakua, kwa hiyo haupeleki amri sawasawa kwenye misuli. Ubongo unaweza kuumia mtoto akiwa tumboni, au akikosa hewa wakati wa kuzaliwa kama wangu, au akipata manjano kali siku za kwanza. Unaweza kuumia pia baadaye, kwa malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Ndiyo maana tunasema kila mara: mama ajifungulie kituo cha afya, na mtoto mwenye homa kali au degedege asicheleweshwe hata saa moja.

Kuna hali nyingine ambazo si mtindio wa ubongo. Kuna watoto wenye hali ya Down. Hao wana kromosomu ya 21 mara tatu badala ya mara mbili, jambo lililogunduliwa mwaka 1959. Wanafanana macho na uso kidogo, wanachelewa kukaa na kusema, na karibu nusu yao wana tatizo la moyo, kwa hiyo moyo upimwe. Kuna watoto wenye usonji, ambao miguu na mikono yao ni mizima lakini kuongea na kukaa na watu kunawasumbua, na kelele zinawatesa. Na kuna watoto ambao akili yao inakwenda polepole tu, sababu haijulikani.

Yote hayo hayaambukizi. Mtoto wako hawezi kuyapata kwa kucheza na wangu, kula naye sahani moja wala kulala mkeka mmoja. Hayaletwi na uzinzi wa mama, wala kijicho cha jirani. Dawa ya kuyaondoa kabisa hakuna, kwa hiyo anayekuuzia dawa hiyo anakuibia. Lakini kutokupona si kutojifunza. Hapo ndipo wazazi wengi tunakosea.

Angalizo moja: kifafa huwapata watoto wengi wa namna hii, na kifafa kina dawa ya hospitali. Mtoto akianguka, mlaze ubavu, ondoa mawe na moto karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshike kwa nguvu. Ikipita dakika tano bila kuacha, kimbia naye hospitalini. Na dawa usikatishe kwa sababu ameona nafuu.

Tulichojifunza nyumbani

Sikilizeni, hatukuwa na vifaa. Tulianza na udongo. Kwenye kona ya nyumba nilijenga kiti cha tofali za udongo, mgongo umeegemea kona, pembeni kuna vizuizi vya kumkinga asianguke, mbele ubao kama kimeza kidogo. Mtoto aliyezoea kulala chali akitazama shitingi siku nzima, sasa alianza kuona watu, kuku na mvua. Wiki ya kwanza alikaa muda mfupi akachoka. Tukaongeza kidogo kidogo.

Chakula: tulikuwa tunamlisha amelala. Kumbe ni hatari, chakula kinaingia kwenye njia ya hewa, ndiyo maana alikuwa anakohoa na kuugua kifua kila mara. Mkalishe wima, kichwa kielekee mbele kidogo, kijiko kidogo, ngoja ameze ndipo uongeze. Uji uwe mzito kiasi, sombe itwangwe ilainike. Inachukua muda. Basi chukua muda.

Maneno: tulidhani kwa kuwa hasemi basi hasikii. Tulikuwa tunazungumza juu yake mbele yake, tena mabaya. Siku hizi tunamwambia kila kitu: "Sasa nakuvalisha shati. Huu ni mkono." Tunamwonyesha vitu viwili, kikombe cha maji na cha uji, tunangoja achague kwa macho. Mara ya kwanza tulingoja sana. Sasa anachagua haraka kuliko dada zake.

Kazi: gawanya kazi vipande vidogo. Kufua si kazi moja, ni kazi saba. Kutia maji, kutia sabuni, kuchovya, kusugua, kusuuza, kukamua, kuanika. Labda wako ataweza kuchovya tu. Achovye kila siku, asifiwe, kisha mwongeze ya pili.

Mazoezi ya viungo muulize mtaalamu hospitalini, akuonyeshe kwa mikono yako mwenyewe. Usimnyooshe mtoto kwa nguvu, utamvunja.

Na kumfunga kamba au kumfungia ndani, mama, tuache. Ninajua kwa nini unafanya, posho haingoji. Lakini nyumba zetu ni za nyasi na shitingi, moto ukiwaka nani atamtoa? Tena kuna watu wabaya. Mtoto asiyeweza kusema wala kukimbia ndiye wanayemtafuta, kwa sababu wanajua hatawataja. Mtoto anayejulikana na nyumba kumi ana macho ishirini yanayomlinda. Aliyefichwa hana hata moja.

Mkono mmoja haulei mwana

Sasa juu ya majirani. Usianze na kijiji kizima. Anza na nyumba moja. Sisi tulianza na yule mama mzee wa foleni. Nilimpelekea lenga-lenga ya bustani yetu, nikamwomba, "Mama, siku ya posho ninaweza kumwacha kwako na kiti chake?" Akasema, "Lakini na mimi siku yangu utaniletea unga, mgongo wangu hauwezi." Tukapatana. Binti yetu akarudi shuleni. Alikuwa amepoteza miaka miwili, na hiyo hatuwezi kumrudishia. Wazazi, angalieni sana dada na kaka za mtoto mwenye ulemavu. Mzigo wa nyumba huwa unawaangukia wao kimya kimya.

Wasio na mama mzee wa namna hiyo, nendeni kwa kiongozi wa kijiji chenu na kwa wahudumu wa jamii. Semeni wazi kwamba mna mtoto mwenye mahitaji maalum, aandikwe hivyo kwenye faili la familia. Ulizeni kuhusu kupita mbele ya foleni, na kuhusu mtu wa kuaminika wa kuwachukulia posho. Wakati mwingine watasema ndiyo, wakati mwingine watasema rudi kesho. Rudi kesho. Mtoto ambaye hajaandikwa hapangiwi kitu.

Halafu watoto. Watoto hawana shida, shida tunawafundisha sisi. Walikuja nyumbani kwangu kwa sababu nilitengeneza mpira wa karatasi na kamba nikaweka kwenye kimeza cha mwanangu. Mwenye mpira ana marafiki! Walimuuliza maswali, "Kwa nini anatoa mate?" Nikawajibu kama nilivyowajibu ninyi hapa juu. Wakasema "aah", wakaendelea kucheza. Mzazi mmoja alikuja akamvuta mtoto wake mkono. Nilimweleza, hakukubali, na mpaka leo hajakubali. Sitawadanganya kwamba wote wanageuka.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni bomba la maji. Kila asubuhi dada zake walikuwa wanamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu tulichokuja kupata baadaye, wanamwacha karibu na foleni ya bido. Mnajua foleni ya bido jinsi ilivyo na ugomvi. Kumbe yeye anakariri. Anajua bido hii ya kamba nyekundu ni ya nani, ile yenye kifuniko cha gunzi ni ya nani, na nani alitangulia nani. Hasemi, lakini mtu akiruka foleni anapiga kelele na kunyoosha mkono mpaka mwizi wa zamu anaona haya. Kina mama wakaanza kumwachia bido zao na kwenda kuwasha moto. Wakampa jina: Shefu wa Bomba. Asipoonekana siku moja, watu watatu wanakuja kuuliza kama anaumwa.

Ninawaomba mlitazame hilo vizuri. Huruma tulikuwa tumeipata, watu walisema "maskini, pole" wakapita. Huruma haikumpatia hata rafiki mmoja. Alipopata kazi ambayo watu wanaihitaji, akapata jina, na baada ya jina akapata watu. Kwa hiyo, wazazi na viongozi, mkitafuta namna ya kumwingiza mtoto huyu kwenye jamii, jiulizeni: anaweza kutufanyia nini? Kuna anayeweza kugawa karatasi darasani, kupiga ngoma kwenye kwaya, kufukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa, kuwasalimu watu mlangoni. Hakuna asiyeweza chochote. Hata kicheko cha mtoto ni kitu.

Na shule je?

Hapa tena nina deni. Miaka ya nyuma mama mmoja alileta binti yake mwenye hali ya Down kwenye darasa langu. Nilikuwa na wanafunzi waliobanana mpaka dirishani. Nilimwambia, "Mama, huyu mpeleke nyumbani, hapa atasumbua." Aliondoka bila kusema neno. Sijui kama amenisamehe.

Nilikuwa nimekosea, hata kisheria. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 23, unamtaja mtoto mwenye ulemavu na haki yake ya kushiriki katika jamii. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2006, na ibara yake ya 24 inasema mtoto asiondolewe shuleni kwa sababu ya ulemavu. Tanzania inayotuhifadhi iliuridhia 2009 na ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu 2010. Burundi iliuridhia 2014, na Kongo ikajiunga 2015. Maana yake, haki hii mtoto wako anayo hapa, na ataendelea kuwa nayo siku tukirudi nyumbani.

Walimu wenzangu, najua darasa limejaa na mshahara ni wa kucheka. Lakini haya hayana gharama: mkalishe mbele, mpe jirani wa kumsaidia, mpe swali moja wengine wakifanya matano, mpe muda, na usiruhusu matusi. Maneno kama "zezeta" na "taahira" yafe darasani kwako. Mwite jina lake.

Jibu langu kwako, mama

Wiki hii fanya mambo matatu tu. La kwanza, mtoe nje mchana, mkae mlangoni saa moja, watu wakipita uwasalimu, na wakimtazama uwaambie jina lake. La pili, chagua nyumba moja unayoiamini, uwaombe wakae naye siku moja ya posho, na wewe uwape kitu cha kubadilishana. La tatu, mpeleke hospitalini wamtazame masikio, macho na miguu, maana wakati mwingine mtoto asiyesema ni kwamba hasikii vizuri. Baba yake mwende pamoja. Baba, kama unasoma hapa: mimi pia nilikuwa nasema Mungu atajua. Mungu anajua, lakini mtoto anahitaji wewe umbebe.

Tarehe 21 Machi kila mwaka ni siku ya watu wenye hali ya Down duniani, na 3 Desemba ni siku ya watu wote wenye ulemavu. Siku hizo zikifika tusiwaache watoto wetu ndani tukaenda kusikiliza hotuba juu yao. Twende nao.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Leo ni mtoto wangu, kesho inaweza kuwa wewe, kwa risasi, kwa ajali au kwa uzee. Kijiji kinachompa Shefu wa Bomba nafasi ya kiti chake, kitakupa na wewe nafasi ya fimbo yako.

Wasomaji, tuandikieni. Mtoto wenu mwenye ulemavu ana kazi gani katika kijiji chenu? Nani alikuwa wa kwanza kumshika? Wekeni barua kwenye sanduku letu kama kawaida, na asiyejua kuandika amwambie mwanafunzi yeyote amwandikie. Mwezi ujao tutazungumza juu ya vijana wetu na uvivu wa likizo.

Na mtu akiniuliza leo nina watoto wangapi, ninajibu watano. Bakini salama.